ED ya Macho Mekundu

Tupokigwe aliamka kope zimegandana kwa tongotongo. Alipoosha uso na kujitazama kwenye kioo, macho yalikuwa mekundu kama pilipili. Ugonjwa huo ulikuwa umezagaa Kawe yote. Kwa mwalimu msaidizi wa chekechea kule Mbezi Beach kama yeye, kwenda kazini hivyo ni kuwapelekea watoto maradhi. Lakini kubaki nyumbani bila ED, ile karatasi ya daktari ya kumpumzisha mgonjwa, kulikuwa kujifukuzisha. Bado alikuwa kwenye kipindi cha majaribio, na mwenzake aliyemtangulia aliachishwa kwa kosa hilohilo.

Akamtumia ujumbe mkuu wa shule, Madam Demetria. Jibu likaja kavu: alete ED kabla ya mchana, yenye jina na namba ya usajili ya daktari, na hataki karatasi za kuungaunga.

Kupanga foleni zahanati na macho yale aliona aibu, tena angewaambukiza wengine. Ndipo mwenye nyumba wake, Bi Hamisa, mwanamke wa pwani asiyeshindwa na jambo, akamkumbusha kuwa siku hizi kuna madaktari wa kwenye simu. Hata presha yake inatibiwa huko. Wakajiandikisha, wakakaa barazani, mahali ambapo mtandao haukatiki.

Aliyetokea kwenye simu alikuwa mzee wa mvi, Dokta Adelard. Tupokigwe alitarajia kijana. Akapiga goti palepale kwenye mkeka, akatoa shikamoo na kuinamisha kichwa. Kwao Tukuyu binti hamkodolei macho mtu wa umri wa baba yake.

"Marahaba. Unajisikiaje, binti?"

"Naendelea vizuri tu, baba."

Dokta akauliza kama kuna maumivu. Kidogo tu, akajibu. Dokta akamwomba amtazame. Tupokigwe akainua uso, macho yakabaki kwenye mkeka. Dokta akasema kwa upole kwamba haandiki ED kwa kukisia. Asichokiona hawezi kukisainia. Ni bora aende kituo cha karibu.

Bi Hamisa, aliyekuwa amejisogeza mlangoni kuwapisha, uvumilivu ukamwisha. "Mie nimechoka na adabu zako, Tupo. Umekuja kuposwa au kutibiwa? Mwambie mwenzio unaumwa."

Joto likampanda usoni. Akaisogeza simu, akakaza shingo, akamtazama yule mzee moja kwa moja huku machozi yakimchuruzika.

"Naumwa, dokta. Yanawasha, yanachoma, mwanga siwezi kuutazama. Nafundisha watoto wadogo, na kazini bado sijathibitishwa. Naomba unisaidie."

"Haya, sasa tunatibiana," dokta akasema. Akamwelekeza ashushe kope ya chini kwa kidole, atazame juu, kisha pembeni. Akamuuliza kama anaona ukungu. Akamwandikia dawa ya matone, na punde ED ikaingia kwenye simu, ina jina la dokta, namba ya usajili na muhuri: apumzike mpaka wiki ijayo.

Akaituma shuleni. Bi Hamisa akaleta chai, ikapoa. Simu ilipoita, Tupokigwe aliipokea amesimama.

Madam Demetria alisema amempigia daktari mwenyewe, amehakikisha, ameridhika. Apumzike, nafasi yake ipo. Halafu akashusha sauti.

"Mwalimu, huyo dokta wako anapatikana mpaka saa ngapi? Langu la kulia limeanza kuwasha."