Mpishi wa Sura ya Nne

Asubuhi ya kutetea tasnifu yake, Kitabu alisimama mbele ya kioo akijihutubia kwa Kiingereza, mswaki ukiwa bado mdomoni. Kitabu si jina lake. Ni la utani, alipewa na kaka yake tangu darasa la tatu, siku alipokutwa nyuma ya nyumba anasoma gazeti lililofungiwa misumari. Sasa ana miaka thelathini na minne, ni mwalimu wa sekondari, na nyumbani hakuna anayemwita vingine.

Na leo, jamani, leo! Miaka mitatu ya uzamili katika fasihi ya Kiingereza ya nchi zilizotawaliwa: vitabu vya mabwana waliokuja kujisifu, na vitabu vya waliotawaliwa, ambao waliichukua lugha ya bwana wakamjibu nayo. Yote hayo yalikuwa yanaishia kwenye chumba kimoja, saa nne kamili. Idara ilikuwa na nafasi moja ya mhadhiri msaidizi, moja tu baada ya miaka tisa, na maombi yalikuwa yanafungwa baada ya siku kumi na tano. Akifaulu, anaomba. Asipofaulu, arudi akasahihishe insha za kidato cha pili mpaka meno yamtoke.

"Bibi yuko tayari," kaka yake alisema mlangoni. "Kavaa viatu vya harusi."

"Bibi anakwenda wapi?"

"Kwenye tasnifu yako. Anasema ni habari za mumewe, hawezi kusubiri kuhadithiwa."

Hapo hapakuwa na la kubishana. Bibi ana miaka themanini na minne, na akishavaa viatu, amevaa.

Tena kweli zilikuwa habari za mumewe. Miaka mitatu nyuma, Kitabu aliacha mezani kitabu kimoja chenye jalada la kijani, kumbukumbu za mke wa ofisa wa kikoloni. Katikati yake mna picha: mwanamume mweusi amevaa aproni, kasimama nyuma ya kiti cha bibi mkubwa, na chini yake pameandikwa "mpishi wetu", basi, hata jina hana. Bibi alipita akitafuta miwani yake, akaiona picha, akasimama. "Huyu mume wangu anafanya nini humu?"

Weee! Kitabu hakulala siku mbili. Babu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, kumbe yumo ndani ya kitabu cha Kiingereza!

Sura ya nne ikazaliwa hapo. Yule mama wa kizungu alilalamika kurasa nzima: miezi mitatu ya kwanza mpishi alitia chumvi kwenye keki, akaunguza nyama, akaleta supu baada ya kahawa. Kisha ghafla, kama muujiza, mapishi yake yakatia fora mpaka wageni wakawa wanatoka wilaya tatu kuja kula. Kitabu alijenga hoja: ile chumvi ilikuwa upinzani. Babu alipigana na dola kwa kijiko! Na yale mapishi matamu ya baadaye yalikuwa kinyago cha utii. Akamhoji Bibi kwa kinasa sauti. "Babu aliwachukia wakoloni?" Bibi akajibu, "Aliwachukia. Kwani nani aliwapenda?" Kitabu akazima mashine na kwenda kuandika. Msomi akishapata anachokitaka, mwache.

Chumba cha utetezi kilikuwa na meza ndefu na projekta iliyokohoa kabla ya kuwaka. Mezani waliketi watatu: mwenyekiti wa idara, mtu wa kufuata kanuni hata kwenye kunywa maji; msimamizi wa Kitabu, aliyempenda kama binti yake; na mtahini wa nje, mama mfupi kutoka chuo kingine, mwenye penseli nyekundu ambayo watu waliitaja kwa kunong'ona. Nyuma walikaa wanafunzi kadhaa, Bibi, na kaka mtu, fundi wa friji, aliyejipa kazi ya ukalimani.

Kitabu alianza akisoma kwenye karatasi. Baada ya dakika tano alikuwa amewaka. Kiingereza kilimtoka kwa raha, mikono ikiruka, na alipofika sura ya nne, hata mwenyekiti alisahau saa yake.

"Anasema babu alikuwa mpiganaji," kaka mtu alinong'ona.

"Wa wapi?"

"Wa jikoni."

Bibi akageuza shingo polepole. "Hebu rudia?"

Akarudia, akaongeza ya chumvi na ya wageni wa wilaya tatu. Bibi akajifunga mtandio upya. Anayemjua angeanza kuogopa hapo hapo.

Maswali ya watahini Kitabu aliyapangua moja baada ya jingine. Penseli nyekundu ikalala. Mtahini wa nje akasema sura ya nne ndiyo moyo wa tasnifu yote, na msimamizi akatabasamu mpaka masikioni. Ikabaki kanuni ya mwisho, mwenyekiti kuuliza kama kuna swali kutoka kwa wasikilizaji. Huwa halipo. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake.

Mkono wa Bibi ukapanda.

"Kikao hiki ni cha Kiingereza," mwenyekiti alisema kwa Kiswahili, kisha akajistukia. "Samahani. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Kiingereza sina, ila nina neno."

"Mwache aseme," mtahini wa nje akadakia, ameshainuka nusu kitini. "Miaka ishirini natahini, sijawahi kuona chanzo cha utafiti kikinyoosha mkono!"

Bibi akasimama. "Mjukuu wangu amesema vizuri, nami nampenda. Lakini huyo mume wangu hakupigana na mtu kwa chumvi. Alikuwa hajui kupika! Alikuwa fundi viatu. Kazi ilipokauka akamdanganya yule mama kuwa ni mpishi. Hata kuchemsha maji alikuwa anauliza. Alirudi jioni analia, anasema leo tena nimetukanwa, chumvi na sukari zote nyeupe, nitajuaje?"

Chumba kikaangua kicheko. Mwenyekiti aliziba mdomo kwa karatasi ya kanuni. Kitabu peke yake hakucheka.

"Na hayo mapishi ya baadaye," Bibi akaendelea, "hao wageni wa wilaya tatu, walikula mkono wangu mimi. Nilipika nyuma, kwenye kibanda chetu, yeye akabeba. Miaka sita. Mwamba ngoma huvutia kwake, sikatai. Kwenye kitabu cha mzungu simo, wala sikushangaa, kwani alinijua? Lakini chako, mjukuu wangu? Chako nacho simo?"

Hapo kicheko kilikatika.

Kitabu alimtazama msimamizi wake. Msimamizi alikuwa ameandika maneno mawili kwenye daftari na kuligeuza amwoneshe: "Utafiti ujao." Njia ilikuwa hiyo, nyeupe. Aseme ushuhuda huu unavutia, utashughulikiwa katika utafiti ujao, ahsanteni. Wangempitisha leo leo, na kesho angeomba kazi. Akisema sura imekosea, moyo wa tasnifu unakwenda na maji, na nafasi yake pia.

Aibu ilimshika kwanza, tena aibu ya kweli, ya kutaka sakafu ipasuke. Miaka mitatu amewasema waandishi wa kikoloni kwa kuwafuta watu, naye amemfuta aliyemlea! Kisha, katikati ya aibu ile, kitu kikamjia kichwani. Akakivamia kile kitabu cha kijani alichokuja nacho, mezani, akapekua kurasa, akapita, akarudi.

"Ngojeni! Ngojeni kidogo!" Akasoma kwa Kiingereza kwa sauti iliyopanda juu, kisha akamgeukia Bibi akasema kwa Kiswahili. "Anaandika hivi: Kila tukiwa na wageni, mpishi wetu hutoweka kwenda kibandani kwake, halafu hurudi akikimbia na sufuria zilizofunikwa. Sikuwahi kuelewa kwa nini."

"Sufuria zangu," Bibi akasema. "Mbili. Moja haikuwa na mkono."

"Nimeusoma ukurasa huu mara arobaini!" Kitabu alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, hajali. "Nikaandika kwamba alikuwa anajitafutia nafasi yake ya uhuru. Uhuru gani? Alikuwa anakimbilia chakula! Bibi yumo humu. Yumo kila penye sufuria iliyofunikwa, na mimi niliyesomea kuona wasioonekana sikumwona." Akawageukia watahini, akarudi kwenye Kiingereza, akasema bila kupindapinda: sura ya nne imekosea, anaiondoa, na anaomba kuiandika upya.

Msimamizi alifunga daftari lake taratibu na kushika tama.

Walitolewa nje. Dakika arobaini ukumbini, kwenye benchi la mbao, Kitabu roho juu, kaka mtu akijilaumu kwamba angetafsiri vibaya kidogo tu mambo yangekuwa shwari. Bibi alikuwa anatazama ubao wa matangazo kama mtu anayejua kusoma.

Mlango ukafunguliwa. Mwenyekiti akasoma kwa sauti ya kanuni: tasnifu imepita, kwa sharti kwamba sura ya nne iandikwe upya yote. Kawaida hupewa miezi mitatu. Kitabu akajua hesabu imeisha, nafasi imekwenda, akainamisha kichwa. "Hata hivyo," mwenyekiti akaendelea, akimtazama mtahini wa nje kama mtu aliyeshindwa mabishano, "kwa kuwa chanzo kiko hai na kipo hapa, mtahini ameomba aisome ndani ya siku kumi na nne."

Siku kumi na nne! Na maombi yanafungwa ya kumi na tano! Kitabu alipiga kelele ambayo haijawahi kupigwa kwenye jengo lile, akamkumbatia mwenyekiti kabla hajakumbuka ni nani. Mtahini wa nje alitoka na penseli yake sikioni, akamsalimia Bibi kwa mikono miwili, akamwambia Kitabu, "Akikosekana tena, nakufelisha."

Kitabu hakungoja kufika nyumbani. Alipiga magoti palepale mbele ya benchi, akatoa kinasa sauti, akafungua daftari, kalamu ikaanza kukimbia kabla hajauliza lolote: tarehe, mahali, jina kamili la Bibi, ambalo mpaka siku hiyo hakuwahi kuliandika popote.

Bibi akauweka mkono wake juu ya kalamu.

"Iweke chini kwanza," akasema. "Wewe huandika haraka kuliko unavyosikiliza."