Harufu ya Kiti cha Nyuma

Migdalia ndiye aliyesema kwanza kwamba gari linanuka dizeli, na kwa wiki tano alisema peke yake.

Lilikuwa gari la Kimarekani la mwaka hamsini na tatu, nililoachiwa na baba. Injini yake ya petroli ilikufa zamani, tukalipachika ya dizeli kutoka kwenye lori dogo, kama walivyofanya wengi hapa mjini kwetu Placetas. Figo za Migdalia, mke wangu, zilikuwa zimeacha kufanya kazi. Mara tatu kwa wiki nilimpeleka hospitali ya Santa Clara kusafishwa damu kwa mashine. Alisafiri amelala kiti cha nyuma, maana akikaa alipata kizunguzungu. Kabla ya nusu ya njia alikuwa ameshatapika, na alifika hoi.

"Nasikia kama nimelala ndani ya pipa la dizeli, Evelio."

Mimi nilikuwa mbele, dirisha wazi. Sikusikia kitu.

Fundi wetu alikuwa kaka yake Migdalia, Secundino, ambaye wote tunamwita Cundo. Alikuja mchana mmoja, akainama, akanusa huku na huku.

"Dada, ugonjwa huo unaharibu pua. Hata daktari alisema kahawa utaisikia kama chuma."

"Pua yangu nzima. Kwapa zako nazinusa ukiwa bado kwenye kona."

"Haya basi, tutafute."

Tuliikausha injini kwa matambara, kisha tukaipaka unga wa chaki. Migdalia alikuwa mwalimu na chaki zilibaki nyumbani. Injini ikiunguruma, mahali penye uvujaji unga hulowa na kubadilika rangi. Siku hiyo ulilowa kwenye mirija inayorudisha dizeli kutoka kwenye nozeli zinazoipulizia ndani ya injini. Tulikuwa tumetumia mirija ya dripu za hospitali, kama kila mtu, nayo ilikuwa imekauka na kupasuka. Tukabadilisha. Jumanne Migdalia akatapika.

Tukahamia kwenye chujio la dizeli. Gasketi yake ilikuwa imechoka, Cundo akaiziba kwa sabuni ya kufulia. Alhamisi akatapika. Tukafungua pampu, tukaifunga. Tukatandika maboksi chini ya gari, kuanzia mbele hadi nyuma, na asubuhi yake hayakuwa na tone hata moja.

"Gari kavu, shemeji. Kavu kuliko koo langu," Cundo alisema. Nilipomsindikiza getini akateremsha sauti. "Mimi nadhani harufu iko kichwani mwake."

Sikumbishia. Nilisema, "Labda." Migdalia alikuwa amekaa kwenye kiti cha bembea karibu na mlango. Hakugeuka, lakini alikuwa amesikia.

Jumanne iliyofuata alikataa kwenda. "Nitakwenda likiacha kunuka." Alhamisi nayo akakataa. Miguu ikavimba, kisha uso. Nilipiga simu kuomba gari la wagonjwa, nikaambiwa nisubiri, halina mafuta. Nilimbembeleza, nilimfokea, nikambembeleza tena. Nilimpondea magimbi, hakuyagusa. Alinyonya vipande vya barafu tu, macho yameelekea ukutani.

Jumamosi alfajiri nilijaza tangi kama kawaida ya siku za safari. Akatikisa kichwa. Gari likabaki barabarani, jua likalipata. Ilipofika saa tano, sikuwa na jambo lingine la kufanya, nikaenda nikafungua mlango wa nyuma na kulala pale alipokuwa akilala yeye. Niliweka shavu mahali pa shavu lake.

Harufu ilinikaba koo.

Nilitoa kila kitu kwenye buti, nikaling'oa zulia. Chini yake kuna kifuniko cha bati, pale boya la geji ya mafuta linapoingia kwenye tangi. Dizeli ilikuwa imetuama kukizunguka, inasukumwa taratibu na joto kutoka ndani.

Hapa kwetu dizeli ni ya kuhangaikia, na wezi huinyonya kwa mpira. Kila tuliporudi kutoka Santa Clara niliimimina karibu yote kwenye madumu na kuyaficha nyuma ya kitanda. Niliirudisha asubuhi ya safari tu. Cundo alikagua siku zote mchana, siku zisizo za safari, tangi likiwa na mafuta ya kina cha kidole. Oringi ya juu, ule mpira wa duara unaoziba kifuniko, ilivuja tangi likijaa tu, na tangi lilijaa siku za Migdalia peke yake.

Nilimwita Cundo, akaja mbio, mguu mmoja hauna kiatu. Alichungulia, akakaa chini.

"Siku zote unanionyesha tangi tupu?"

"Hukuuliza."

"Ningeuliza nini, shemeji? Nani hapa anaacha tangi limejaa?"

Alikata ulimi wa kiatu kikuukuu, akaichonga ngozi iwe duara, akaisugulia sabuni, akakaza. Tulifuta, tukaosha, tukatupa zulia. Kisha akaingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Dada, ulikuwa unasema kweli. Nisamehe."

"Nibebe kwanza," Migdalia akasema.

Njiani nilimuuliza, "Unasikia harufu?"

"Hapana."

Baada ya kilomita chache nikamuuliza tena. "Hapana." Mara ya tatu sauti yake ilikuwa ndogo. "Evelio, acha kuuliza. Endesha."

Hakutapika. Tulifika saa tisa, wauguzi wakampokea kwa kiti cha magurudumu, na mashine ilikuwa tayari. Moyo wake ulisimama kabla saa ya pili kwenye mashine haijaisha. Daktari alisema damu ilikuwa imekaa na sumu kwa siku nyingi mno.

Nilirudi nikiwa nimefunga madirisha yote, navuta hewa kwa nguvu. Sikusikia kitu, lakini mimi sikuwahi kusikia kitu nikiwa kwenye kiti cha mbele. Mpaka leo sijui kama siku ile dizeli ilikuwa imeacha kunuka, au Migdalia alikuwa amechoka kuniambia.