Dishi la Mzee Kamugisha

"Picha ipo?" fundi Rosalia aliuliza kutoka juu ya ngazi.

"Ipo, tena imetakata kama maji ya kisima," alijibu Mzee Kamugisha kutoka ndani ya gari. "Usiguse tena. Mama Clara, njoo uone."

Ma Koku, mke wake, alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Hakuwa na haraka. Alikuwa mama mwenye mwili wake, wa kukaa akajaza kiti na kusimama akajaza mlango, na alitembea kama mtu anayekwenda kuthibitisha anachokijua tayari. Alishika nguzo ya mlango, akapanda, akaketi kwenye benchi la kushoto lililotandikwa godoro jipya.

"Iko wapi?" aliuliza.

Kioo cha runinga kilikuwa cha bluu, kimeandikwa kwa herufi nyeupe kwamba hakuna mawimbi.

"Sasa hivi ilikuwepo," alisema mzee. "Haki ya Mungu. Mwanamke amevaa wigi alikuwa anamsema mkwewe."

"Mie naona maandishi." Ma Koku alikaa kidogo, akasonya, akashuka kwenda kuangalia ndizi zake jikoni. Hakuwa amefika mlangoni mwanamke wa wigi akarudi kiooni, bado anasema.

Hivyo ndivyo asubuhi yote ilivyokwenda.

Gari lenyewe lilikuwa kipanya cha zamani kilichowahi kubeba wanafunzi mpaka springi zake zikachoka. Mzee Kamugisha alikinunua alipostaafu, akakipeleka kwa mafundi wa Chang'ombe wakang'oa viti, wakaweka kitanda, jiko la gesi, meza ya kukunja na mapazia ya maua. Watu wa mtaani Mbezi Beach walipouliza ni biashara gani hiyo, aliwajibu kuwa si biashara, anampeleka mke wake Bukoba. Wakamwambia mabasi yapo. Hapo ndipo alipokuwa akikasirika. Mabasi yapo, ndiyo, na tangu waoane wameyapanda, na kila safari Ma Koku amepita Singida amelala, kafungua macho Kahama shingo inauma. Nchi yote hii hajaiona. Yeye alitaka waende polepole, wasimame panapopendeza, wapike, walale, asubuhi waendelee.

Ma Koku hakuwa amekataa moja kwa moja. Alisema tu kwamba hawezi kulala porini kama ngedere, tena bila tamthilia yake ya jioni. Kisha, alipoona mzee amenyong'onyea, akatoa sharti mbele ya binti yao Clara: ikifika saa ya tamthilia Alhamisi, na picha ikaonekana ndani ya gari, yeye atafunga mizigo. Isipoonekana, gari liuzwe. Clara, mwalimu wa sekondari na mwenye wasiwasi kwa asili, alishampata na mnunuzi. Lakini alikuwa binti wa haki. Ndiye aliyemtafuta fundi.

Leo ilikuwa Alhamisi.

Rosalia alishuka, akanywa maji, akaanza upya. Alikuwa na diploma ya elektroniki, watoto watatu, na ndoo ya rangi iliyojaa spana. Hakuwa mtu wa kumbembeleza mteja. Mahali dishi lisipokaa alisema halikai, akafunga ndoo yake akaondoka. Lakini hapa kila kitu kilikuwa sawa. Nati zimekaza. Waya mzima. Betri na inveta vinafanya kazi, king'amuzi hakina tatizo. Dishi, lililofungwa juu ya gari, lilitazama magharibi kupita paa la jirani, na mzee alikuwa amefurahi sana kusikia hivyo. "Upande wa kwetu kabisa," alisema. "Hata dishi linajua."

Alikuwa amekataza mtu yeyote kukanyaga paa la gari kwa sababu lilipakwa rangi jana, kwa hiyo Rosalia aliegemeza ngazi kwenye ukuta wa nyumba akafanya kazi kwa kunyoosha mikono. Mabega yalimuuma. Simu ikaita, binti yake wa mwisho alitaka kujua sukari iko wapi. "Iko ilipokuwa jana," alijibu, akakata.

Ma Koku alipanda mara nyingine. Picha ikakimbia mara nyingine.

"Inanikimbia mie," alisema, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha. "Nyie wawili mnaiona, mie siioni. Basi nimeelewa. Safari si yangu." Akaenda jikoni akafunga mlango.

Mzee alibaki na rimoti mkononi. Alilainisha pazia moja la maua kwa kidole, kama mtu anayelainisha kola ya mtoto siku ya kwanza ya shule, na Rosalia akageuza uso akajifanya anatafuta spana.

Clara alikuwa amemwomba ampe taarifa mapema. Rosalia aliandika kwa kidole gumba, mguu mmoja kwenye ngazi: "Dada, dishi la mzee limeyumba. Tangu asubuhi nalirudisha, likitulia kidogo linayumba tena. Mama amekasirika amejifungia jikoni. Njoo kabla ya jioni, mie peke yangu siwezi."

Akatuma, akarudi kazini.

Haukupita muda bajaji ikafunga breki getini. Clara alishuka na chaki bado mikononi, na nyuma yake, kwa kujipinda na kuvuta pumzi, akashuka Mchungaji Jonas wa usharika wao, mtu mpana ambaye bajaji ilinyanyuka alipoteremka. Alikuwa na Biblia kwapani. Walimkuta Mzee Kamugisha amekaa kwenye ngazi ya gari, rimoti mkononi, anaongea peke yake.

"Shikamoo, baba," alisema Clara, machozi tayari.

"Marahaba. Mbona hujafundisha?"

Mchungaji alichuchumaa mbele ya mzee kwa taabu, akamshika mkono. "Ta Kamugisha," alisema taratibu, akitenga kila neno, "unanifahamu mimi ni nani?"

Mzee alimtazama. Akamtazama Clara. Akamtazama tena mchungaji kwa huruma kubwa.

"Jonas," alisema, "Jumapili tulikuwa wote kwenye kikao cha jengo. Umeanza lini kusahau?"

"Na leo ni siku gani, baba?" aliuliza Clara.

"Alhamisi. Kwani nyie mmepatwa na nini?"

Clara alimgeukia Rosalia, akatoa simu, akasoma ule ujumbe kwa sauti inayotetemeka. Alipofika kwenye neno kuyumba, Rosalia alilisikia kwa mara ya kwanza kama lilivyosikika kwenye chumba cha walimu. Hapa mjini dishi la mtu likiyumba, si la chuma linalosemwa. Ni lile alilozaliwa nalo juu ya shingo.

"Dada," alisema, akionyesha juu kwa spana. "Dishi. Lile pale."

Kutoka jikoni kikasikika kicheko, kikubwa, kinachopanda ngazi na kushuka, na mlango ukafunguka. Ma Koku alitoka akiwa ameshika ubavu. "Mmemletea mchungaji," alisema. "Mmemletea mchungaji dishi." Mzee naye akaanza, Clara akacheka huku analia, na Mchungaji Jonas, kwa kuona aibu, akasema kwamba kwa kuwa ameshafika si vibaya akalibariki gari. Akashika nguzo ya mlango, akapanda.

"Imekatika," alisema mzee.

Mchungaji akashuka haraka, akidhani amekanyaga waya.

"Imerudi."

Rosalia alikuwa akiwatazama kutoka kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa analitazama dishi. Alikuwa anatazama tairi.

"Mchungaji," alisema, "panda tena."

Akapanda. Springi zikalalama, gari likainama kushoto kidogo, kiasi cha mtu anayeinamisha kichwa kusalimia, na huko juu ukingo wa dishi ukahama kutoka mstari wa paa la jirani.

"Shuka. Panda. Shuka." Kisha akajipiga paji la uso kwa kiganja. "Mie mjinga kweli. Nimezoea nyumba, na nyumba haina springi. Ningekanyaga hilo paa mara moja tu ningejua tangu asubuhi."

Aliwaeleza. Mzee ni mwepesi, hata akae wapi gari halimjui. Lakini lile benchi la kushoto akikalia mtu mwenye uzito, gari linalala, na dishi linatazama mbingu nyingine.

Ma Koku aliacha kucheka. "Kwa hiyo ni unene wangu."

"Ni uzito, mama, na springi mbovu," alisema Rosalia. "Ungekuwa lori ningekwambia hivyo hivyo. Dawa ziko mbili. Kila mnaposimama mzee aweke jeki chini, gari lisichezecheze."

"Na umri huo alale chini ya gari?" alisema Ma Koku. "Hapana. Ya pili?"

"Ya pili nilitege wewe ukiwa umekaa. Mkisimama mahali pengine mzee atalitafuta upya, namfundisha leo, ila na wewe uwe umekaa. Lakini ujue kabisa, ukishuka tu picha hakuna. Atabaki na maandishi."

Ma Koku alimtazama mume wake. Mzee alikuwa anatazama rimoti, akiipanguza vumbi ambalo halikuwepo.

Akapanda. Akakaa kwenye benchi la kushoto, akajiweka sawa, kanga akaifunga vizuri kiunoni.

"Tega," alisema.

Rosalia akalegeza nati. Clara, aliyekuwa amesimama pembeni na simu, alimkumbusha mama yake kwa sauti ya chini kwamba yule mnunuzi atakuja kesho kuliona gari.

"Mwambie lina mtu," alisema Ma Koku.

Tamthilia ilianza wakati mchungaji anamaliza sahani ya pili ya ndizi. Rosalia alikuwa amemfundisha mzee mpaka akaweza peke yake, na sasa alikuwa anapanga spana kwenye ndoo karibu na geti, akifikiria sukari. Mwanga wa kioo ulicheza kwenye mapazia ya maua. Kisha Ma Koku akashuka kwenda ndani kufuata chumvi, na mapazia yote yakageuka bluu.

Kupitia dirishani Rosalia alimwona mzee. Hakugusa rimoti wala hakuita. Alikaa mbele ya kile kioo kitupu, mikono magotini, akitazama mlango.

Malapa yalisikika yakirudi uani, bila haraka. Gari likainama kushoto.