Vijiti kwenye Sambusa za Bi Barka

"Mwenye macho na aone!" Bi Barka alikuwa katikati ya ndia, pale kichochoroni, sinia juu, sauti juu zaidi. "Sambusa zote hizi za harusi, na zilizochomwa vijiti ni zangu tu! Mwanaarabu, mimi mbuzi wa mnada, nitiwe alama?"

Mtaa mzima wa Langoni ulikuwa madirishani. Punda aliyebeba mchanga alikosa pa kupita, naye akatega masikio.

"Pembe zimeachama, Bi Barka," Mwanaarabu alijibu kutoka kidirisha cha jiko lake, unga hadi kwenye nyusi. "Zikiingia mafutani zitamwaga nyama, zituharibie na nyingine."

Miaka thelathini, hapakuwa na harusi ambayo wawili hawa hawakukunja sambusa pamoja. Barka alijua kwamba akiondoka sasa, mlango ule hataupita tena. Alijua pia miwani yake iko kabatini, na pembe alizikunja kwa kupapasa. Nani huvaa miwani shughulini, watu wamwite bibi kizee?

"Naenda zangu!" Mguu haukwenda.

Aliya, bintiye Mwanaarabu, anayesomea mambo ya seli chuoni, akachomoza kichwa, kicheko kimembana. "Khalati Barka! Hata mwilini mwako sasa hivi mna jiko kama hili! Protini hukunjwa ndani ya chumba cha seli kiitwacho retikulamu ya endoplazimu..."

"Jina refu kuliko ndoa yangu ya kwanza," Barka alisema. Madirisha yakaangua kicheko.

"Protini isiyokunjika vizuri husaidiwa, ijaribu tena," Aliya aliendelea. " Ikishindikana, huvutwa nje kwa kitundu, ikabandikwa alama, ikakatwakatwa. Zikiachwa zirundikane, seli huweza kufa!"

"Basi nimekatwakatwa, mwanangu?"

"Vipande havitupwi, Khalati! Seli huvitumia kujengea protini nyingine."

Hapo mkono wa Mwanaarabu ukatoka kidirishani na sahani: mkate wa nyama, mayai yamefura, mvuke ungali unapanda. "Nilizifumua sambusa zako za kwanza, zile za asubuhi, Barka. Sikutupa hata punje. Nani mwingine hapa Amu anajua kuitia nyama bizari hivi?"

Barka akanusa. Wallahi, ni upishi wa mkono wake mwenyewe. Akajiuma midomo; kicheko kikamtorokea puani, sinia likatikisika na vijiti vyake vyote.

"Aliya, mletee Khalati wako miwani yangu," Mwanaarabu alisema, akifungua mlango kwa kiwiko. "Zilizobaki tutazikunja sote. Ingia, shoga yangu, tule kwanza."