Yadollah Anywa Dawa ya Panya

Mahbanu, mtafiti wa mji wa Kerman, Iran, aligundua kuwa panya waliozoeshwa mofini wakinyweshwa maji ya zafarani hukikimbia chumba walichokuwa wakilewea. Yadollah, msafishaji wa maabara na mvuta afyuni kwa miaka thelathini, akayanywa maji hayo kwa siri.

Wiki haikuisha, mkewe Golabtun akatinga maabara, kafura.

“Bi Daktari, mume wangu kanywa maji ya panya wako, sasa hakanyagi tena chumba chake cha afyuni!”

“Si jambo la heri hilo, mama?”

“Heri gani? Kutwa yuko jikoni kwangu, ananifundisha kuosha mchele! Hao panya wako, wake zao wanasemaje?”

Mahbanu aliona haya. Panya wake wote walikuwa madume. Akamvutia mama kiti, akafungua daftari, akaanza kuandika malalamiko yake.