Kwapa la Kushoto

Mama Pacha, jirani yangu wa uani mmoja, anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema alipanda ngazi za lile jengo lenye duka la vifaa vya ujenzi chini, akienda kuwachukua binti zake pacha darasa la dansi, akafika mlangoni na kumkuta mwalimu amemkamata yule pacha mkubwa mkono wa kushoto, anauvuta juu kama mtu anayeng'oa gugu lililokomaa. Nguo ikalia kraa! Mtoto naye akalia. Bega likateguka.

Hivyo ndivyo alivyosimulia siku ya kwanza. Siku ya pili bega lilikuwa limeteguka mara mbili. Siku ya tatu mtoto alizimia.

"Alizimia?" nikamuuliza. "Mbona jana hukusema alizimia?"

"Jana nilikuwa na haraka."

Wakati anasema hayo, yule pacha mkubwa alikuwa ananing'inia kwenye fremu ya mlango wangu kwa mikono yote miwili, akibembea na kumrushia mwenzake maganda ya karanga kwa miguu. Nilimwona. Sikulitilia maanani, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye gauni alilonitupia mama yake mezani. Mshono ulikuwa umeachia kwapani, upande wa kushoto, urefu wa kiganja.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea chumba cha mbele, mlango wazi, na mtaa mzima unapita mbele yangu. Nilisoma mpaka la saba tu, lakini nguo nazisoma vizuri. Shati la mtu anayebeba mizigo naliona begani. Sketi ya mwanamke anayekaa ofisini naijua nyuma. Basi gauni lile nililisoma. Na kabla wiki mbili hazijaisha, yaliletwa mengine matatu ya darasa lile lile, yote yamechanika kwapa la kushoto.

Nikamwambia Mama Pacha, "Hata mimi naamini. Magauni manne, mahali pamoja."

Sikuishia hapo. Nilimwambia muuza mkaa wa pale kona. Nilimwambia mama mmoja aliyekuja kupunguza kiuno. Nilimwambia na muuguzi anayekaa nyumba ya tatu, ambaye binti yake alikuwa anacheza huko. Sikuongeza chumvi, nilisema nilichokiona tu. Lakini mdomo wa Mama Pacha ulipokuwa peke yake, watu walikuwa wanacheka. Fundi aliposema ameona nguo, waliacha kucheka.

Mimi mwenyewe nilikuwa natafuta darasa la dansi. Binti yangu ana miaka saba na urefu wa mtoto wa miaka tisa. Watoto wa mtaani wanamwita Twiga, na jina limemganda hata nyumbani. Kila nikimshonea sare nampima, vipimo naviandika kwenye daftari. Mwaka huu nilipompima, miguu ilikuwa imeongezeka, mgongo ulikuwa umepungua. Nikavuta futi upya. Umepungua. Mtoto hapungui mgongo. Alikuwa anainama. Alikuwa amejifunza kuingiza shingo mabegani ili alingane na wenzake, na mimi mama yake nilikuja kujua kwa futi.

Mahali pekee ambapo Twiga hakuinama ni nyuma ya kiti changu. Nikikanyaga cherehani, yeye hucheza kwa mlio wake. Nikienda haraka, anaenda haraka. Nikisimama kuchomeka uzi, anasimama mguu mmoja juu, anasubiri. Nilimwahidi: ukifika miaka saba, utaingia darasa la dansi. Baba yake, dereva wa lori, alipopiga simu akasema, "Dansi? Si arukeruke tu hapo uani?" Nikamwambia uani hakuna mtu wa kumwambia anyooke. Akasema haya, mama mtu ndiye anayejua. Nikapiga moyo konde. Nitamtafutia mahali, na nitapaangalia mwenyewe kabla sijamwacha.

Nilianza na ukumbi wa vioo, kwa sababu Mama Pacha alikuwa amewahamishia wanawe huko na hakunipa nafasi ya kupumua. Ni kweli ni pazuri. Vioo ukuta mzima, sakafu inateleza, feni mbili. Mwalimu anakaa kwenye kiti chenye magurudumu, na akitaka kuona upande wa pili anajisukuma kwa mguu bila kuinuka.

"Wafupi mbele, warefu nyuma," alisema.

Twiga akaenda nyuma, ukutani. Watoto walicheza wawili wawili, wengine wakasimama kungoja zamu. Nilikaa kwenye benchi la wazazi saa nzima. Mwanangu aliinua mkono mara mbili, na ya pili alikuwa anajikuna.

"Umeona ustaarabu?" Mama Pacha alininong'oneza. "Hapa nguo hazichaniki. Gauni la mwanangu, miezi miwili sasa, utadhani limetoka dukani jana."

Tulipokaribia nyumbani Twiga akauliza, "Mama, kucheza ndiyo kusubiri?"

Maneno ya Mama Pacha yalikuwa yamenikaa kichwani. Miezi miwili, na gauni ni jipya? Nguo ya mtoto anayecheza haikai hivyo. Pindo hulegea, lastiki huchoka, mgongoni panapauka kwa jasho. Gauni linalobaki jipya limevaliwa na mtu aliyesimama. Basi na yale yaliyochanika je? Usiku ule nililala nikiwa nimeshaamua: kesho napanda zile ngazi.

"Unampeleka mtoto kwa mchinjaji!" Mama Pacha alisema aliponiona natoka na mfuko.

"Sijampeleka mtoto. Napeleka magauni niliyoyaziba, hayajachukuliwa."

"Haya. Ukirudi na mkono mmoja usiniite."

"Nikirudi na mkono mmoja, dada, nitakuita unichomekee uzi."

Darasa lile liko juu kabisa. Halina vioo. Kuna madirisha makubwa, mbao chini, na harufu ya rangi inayopanda kutoka dukani. Mwalimu ni mama wa makamo, mwembamba, sauti imemkauka kabisa, kwa hiyo anafundisha kwa filimbi. Watoto wanamwita Mama Filimbi. Nilisimama nje ya mlango, mahali pale pale aliposimama Mama Pacha.

Watoto walikuwa watano tu. Walikuwa wanakimbia hatua nne, kisha wanaruka huku mkono wa kushoto ukienda juu kabisa, kama mtu anayechukua kitu rafu ya juu bila ngazi. Filimbi, wanakimbia. Filimbi, wanaruka. Mkono wa kushoto, kila mara. Binti wa yule muuguzi alikuwa mbele. Akaruka, mkono ukaenda juu, na nguo ikalia kraa!

Mtoto akasimama, akafunika kwapa kwa mkono mwingine, akaanza kulia kwa aibu. Mama Filimbi akamwendea haraka, akamshika ule mkono wa kushoto, akauinua juu apate kuona palipochanika. Halafu akachomoa pini kwenye kola ya blauzi yake na kuibana nguo.

Pale mlangoni mtu angeona mwalimu amemwinua mtoto mkono, nguo imechanika, mtoto analia. Basi. Mama Pacha hakudanganya macho yake. Alidanganya kuanzia kwenye bega.

Na mimi? Nikaegemea fremu. Yale magauni niliyashona mimi. Kumi na mawili, mwaka jana, wazazi waliponiagiza. Niliwaita watoto nyumbani kwangu, nikawapanga na kuwapima wamesimama wima, mikono chini, kama askari wanaokaguliwa. Nilikata kwapa jembamba ili mkono ukae vizuri usifanye mikunjo. Yalipendeza sana kwa mtu aliyesimama. Hata siku moja sikumwambia mtoto, inua mkono nione. Mkato ulikuwa wangu, na nilikuwa nimeutolea ushahidi dhidi ya mtu mwingine.

"Karibu, fundi," Mama Filimbi alisema kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Kumbe alikuwa ananijua.

Nikampa mfuko. Hakuufungua.

"Walikuwa kumi na wawili," alisema. "Mmoja mmoja wakaondoka. Nikiuliza, naambiwa fundi mwenyewe ameona nguo. Sikujua umeona nini. Umeona nini?"

"Nimeona sasa hivi," nilisema. "Mwalimu, mimi nina binti, ana miaka saba..."

"Watoto wa uani kwenu sichukui tena." Hakupandisha sauti, hata angetaka asingeweza. "Mimi nafundisha kwa mkono. Nitamgusa bega ashushe, nitamgusa mgongo anyooke. Nikimgusa wa kwenu leo, kesho nimemvunja."

Akapuliza filimbi, watoto wakarudi kwenye mstari. Nikashuka.

Ningeweza kurudi ukumbi wa vioo. Benchi lipo, feni zipo. Lakini nilikuwa nimeshaona ile mikono ikienda juu, na nilikuwa nimeshamwona mwanangu yuko wapi katika ule mstari, ingawa hakuwepo. Nikajikaza.

Nilianza kwa Mama Pacha, maana huyo ukimwacha mwisho utamkuta ameshapeleka habari yako mbele.

"Jirani, bega la mwanao halikuteguka."

Akaacha kuanika nguo. "Unaniita mwongo?"

"Najiita mimi fundi mbovu. Kwapa nililikata jembamba. Mtoto akiruka, linachanika. Mwalimu alikuwa anatafuta pa kubana pini."

"Na kuzimia?"

"Kuzimia unakujua wewe."

Akabaki na kanga mbichi mkononi, ikichuruzika miguuni pake. "Sasa nikawaambie watu nini? Nimeshawaambia!"

"Waambie fundi amekosea kukata. Watafurahi, hawajapata habari mpya tangu juzi."

Akaguna. Lakini nilimwona mdomo unaanza kumwasha.

Halafu nikaenda kwa muuza mkaa, kwa yule mama wa kiuno, kwa muuguzi. Kote nilisema maneno yale yale: nilisema hivi, nilikosea, mkato ni wangu. Muuguzi alinishika mkono akanishukuru. Muuza mkaa alicheka mpaka akakohoa. Yule mama wa kiuno akauliza, "Kwa hiyo hujui kukata?" Nikamwambia najua, ila siku ile sikujua. Akachukua kitambaa chake cha sherehe, kilichokuwa bado hakijaguswa, akaondoka nacho. Nilimwangalia mpaka akakata kona. Nilijua nguo hiyo haitarudi kwangu.

Jioni ile binti wa muuguzi, kama nilivyomwomba mama yake, akaniletea magauni sita kwenye mfuko, yale niliyoyaziba na yale yaliyobaki, moja la mtoto aliyeondoka. Nikayafumua makwapa yote, kushoto na kulia. Kanzu ina kipande kidogo cha pembe nne chini ya mkono, tunakiita kikwapa, ndicho kinachomwacha mtu ainue mkono bila kuinua kanzu nzima. Sijawahi kumtilia mtoto kikwapa kwenye gauni. Nikakata vipande kumi na viwili. Vidogo, na pembe zake ni kazi, ukikosea uzi mmoja panavuta. Twiga alikaa nyuma yangu akanipa pini. Kila nikimaliza moja, nilimvalisha yeye, hata kama ni fupi mno.

"Inua mkono."

Anainua.

"Juu zaidi. Ruka."

Anaruka. Nasikiliza. Kimya. Nachukua linalofuata.

Jumamosi tulipanda ngazi pamoja, mkono wake wa kushoto kwenye wangu wa kulia. Tulipofika juu akaingiza shingo mabegani. Watoto walikuwa wanafunga viatu. Mama Filimbi alituona na hakusema karibu.

Nikampa magauni. Safari hii aliufungua mfuko. Akawapa watoto wavae, yeye akabaki na lile la mwisho, lisilokuwa na mtu. Akapuliza filimbi, wakakimbia hatua nne. Akapuliza, wakaruka, mikono ya kushoto juu. Nilifumba macho. Hakuna kilicholia isipokuwa mbao.

"Mwalimu," nilisema, "nimeshazunguka kwa wote niliowaambia. Nimewaambia kosa ni langu. Kama wengine watarudi sijui, hilo sina uwezo nalo. Huyu ndiye binti yangu. Anaitwa Twiga kwa sababu ni mrefu, na ameanza kuinama. Nakuomba umpokee. Mguse bega. Mguse mgongo. Sitasimama mlangoni. Nitakuwa chini kwenye cherehani, na mtu yeyote akija kunieleza alichokiona, nitamwambia mimi ndiye niliyekuomba umguse."

Mama Filimbi aliligeuza lile gauni ndani nje, akalipeleka dirishani kwenye mwanga, akaingiza vidole viwili kwenye kwapa la kushoto na kuvivuta kila kimoja upande wake, polepole, akiutazama mshono. Watoto walikuwa bado wameinua mikono, maana filimbi ya kushusha ilikuwa haijapulizwa.

Twiga alinitazama, akamtazama yeye. Kisha akauchomoa mkono wake wa kushoto kwenye wangu, akauinua juu kabisa.