Miringaringa ya Ukoo wa Tisa

Jumanne asubuhi, kwenye shamba la majaribio la Tlawi, Lucia aliegemeza keekee kifuani akatoboa mringaringa wa mwisho wa ukoo wa tisa. Kijiti cha mti kilichotoka, chembamba kama penseli, kilinuka koti la Emanuel lililolowa mvua. Alikitia kwenye bahasha akaandika namba.

Emanuel, mumewe, aliingia msituni miaka saba iliyopita kutafuta ndama, akakutana na askari wa msitu. Hakurudi. Askari walisema amekwenda machimboni Mererani. Mwaka uliofuata, watu wa mradi waliokota mbegu za miringaringa humo humo msituni, mti mama mmoja mmoja, wakapanda kila ukoo mstari wake ili wajue upi una mbao nzuri.

Majibu ya maabara yalifika baada ya wiki tatu. Judith, mtaalamu wa mradi, alimsomea mlangoni mwa ofisi.

"Ukoo wa tisa. Gundi ya mti imezidi. Halafu kuna tumbaku, jasho la mwanaume na baruti kidogo. Mti mama ulimnywa mtu, Mama Natalia. Pole. Seremala hatazitaka mbao hizi."

"Huo mti mama uko wapi?"

"Ndani ya hifadhi. Omba kibali kwa mkuu wa askari."

Mkuu alikuwa yule yule wa mwaka alipopotea Emanuel. Lucia aliandika barua kuomba kuchimba chini ya mti mama, akaambatanisha majibu. Ilirudi na mhuri: mume wa mwombaji yu hai, Mererani, hakuna sababu ya kuchimba. Aliandika nyingine, na nyingine. Zote zilirudi hivyo hivyo.

Mwezi wa saba ukoo wa tisa ulikatwa. Vibarua waliruhusiwa kuchukua kuni, lakini wenzake walimwachia zote.

"Mpeleke shemeji nyumbani," alisema Paskalina, akimtwisha mzigo. "Amezurura vya kutosha."

Lucia alizisukuma chini ya kitanda. Siku nne alipikia mabua ya mahindi. Siku ya tano mabua yaliisha, na binti yake Natalia, aliyezaliwa baba yake akiwa ameshapotea, alitetemeka kwa baridi mpaka akashindwa kushika kikombe.

Lucia akavuta kuni tatu, akazipanga mafigani, akapuliza. Harufu ya Emanuel ilitangulia. Ya baruti ikafuata. Natalia alishusha kanga mabegani, akakaa vizuri.

"Shikamoo, baba."

Wote wawili walitazama moshi, wakitega sikio.

"Ngoja kidogo," alisema Lucia. "Kuni bado mbichi."